Kipandauso na Dawa za Kubahatisha

Kuumwa kichwa ni jambo la kawaida, na labda ndiyo sababu kipandauso hakipewi uzito unaostahili. Mgonjwa wake hupwitwa na kichwa, mara nyingi upande mmoja, hutapika, na hawezi kustahimili mwanga wala kelele. Mvuvi wa dagaa aliyeshikwa nacho usiku, taa zake mwenyewe humtesa.

Mkazi wa Kitendaguro, katika Manispaa ya Bukoba, akipatwa na hali hiyo anaweza kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa siku hiyo hiyo. Ndugu yake aliyeko Bumbire, Goziba au Ikuza, visiwani Muleba, hungoja chombo na utulivu wa ziwa. Ni rahisi basi ageukie kidonge alichobakiza jirani. Hatumlaumu kwa kutafuta nafuu, ila hatuna budi kumwonya.

Dawa za kipandauso zitolewazo kwa cheti, kama sumatriptani na ergotamini, hubana mishipa ya damu. Kwa hiyo hazimfai mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, wala mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa. Ergotamini ni mwiko kwa mja mzito. Tena, dawa hizo mbili hazitumiwi pamoja ndani ya saa 24. Na anayezimeza siku 10 au zaidi kila mwezi, kwa miezi mfululizo, aweza kujiletea maumivu mapya yatokanayo na dawa yenyewe.

Isitoshe, si kila kichwa kiumacho kina kipandauso. Penye homa, kipimo cha malaria kitangulie. Ugonjwa wa Marburg, uliozuka Bukoba mwaka 2023, nao huanza kwa homa na maumivu makali ya kichwa. Maumivu yakija ghafla kwa ukali usio na kifani, shingo ikikakamaa, upande mmoja wa mwili ukilegea, au mgonjwa akiwa mja mzito, chombo kitafutwe mara moja.

Mwaka 2003 Serikali ilianzisha mkoani Ruvuma mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu, yenye wauzaji waliofunzwa, kwa ajili ya sehemu zisizofikiwa na famasi. Hakuna mahali panapostahili zaidi huduma ya namna hiyo kuliko visiwani. Tunawaomba viongozi wa Wilaya ya Muleba wahakikishe kila kisiwa chenye watu kina mtoa dawa aliyefunzwa na kifaa cha kupimia shinikizo la damu, na kwamba mganga huvuka ziwa kwa ratiba inayojulikana. Kufunga vibanda pekee hakutoshi. Ukiondoa kidonge cha hatari bila kuleta kilicho salama, umemwachia mgonjwa maumivu yake.

Nao wananchi watimize wajibu wao: wamweleze mganga maradhi na dawa walizo nazo, waulize kipimo, na wasigawiane vidonge. Dawa iliyomponya jirani yaweza kukudhuru wewe.