Kima wa kitambaa hafungiwi kabatini

KIBARAZA CHA MSIMBAZI
Na Rehema Kilindo

Walimu wa madarasa ya awali wanisamehe, leo nina neno nao. Nimeingia kwenye vituo kadhaa vya kulelea watoto mchana hapa katikati ya jiji, kuanzia mitaa ya nyuma ya Polisi Msimbazi mpaka Gerezani na Ilala, na karibu kila nilipoingia nimeonyeshwa zana nzuri. Herufi za manila zilizokatwa kwa ustadi, wanyama wa karatasi waliopakwa rangi, saa yenye mishale inayozunguka. Zote ziko juu karibu na dari, au ndani ya kabati lenye kufuli. Ukiuliza kwa nini, jibu halibadiliki: watoto watazichana, na mthibiti ubora akija atakuta nini?

Basi zana hizo ni za mthibiti ubora. Watoto waliotajwa kwenye risiti ya manila wanaziangalia kwa mbali.

Nataka kuitetea zana moja ambayo haiwezi kabisa kufanya kazi ikiwa kabatini: ubao wa flaneli. Kwa asiyeujua, unachukua kipande cha plaiwudi, au upande mmoja wa boksi gumu la televisheni, unakivika kitambaa chenye manyoya na kukikaza kwa nyuma. Halafu unakata watu, wanyama, miti na nyumba kutoka kwenye kitambaa cha namna hiyo hiyo. Ukigusisha kipande ubaoni kinashika, kwa kuwa manyoya ya huku yanaingia kwenye manyoya ya kule. Hakuna gundi, hakuna pini. Ukikivuta kinatoka, ukikirudisha kinashika tena. Hata picha ya karatasi inawezekana: ibandike kijipande cha msasa mgongoni, upande wenye chenga ukae nje, nayo itang'ang'ania flaneli kama imezaliwa nayo.

Si jambo geni kwetu. Waliosoma shule ya Jumapili wanaukumbuka: Zakayo wa kitambaa juu ya mkuyu wa kitambaa, na mwalimu akimshusha kwa vidole viwili. Wamisionari walitembea na mabunda ya picha hizi sehemu nyingi za Afrika, na wauguzi wa kliniki za mama na mtoto wakazitumia kueleza uji wa lishe na kuharisha. Waislamu nao hawakubaki nyuma. Miaka ya 1980 huko Mombasa, Bi Swafiya Said alianza kuwafundisha kina mama wa mitaani kuendesha shule za awali ndani ya madrasa, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, na zana zao walizitengeneza wenyewe kwa vifuu, mbegu, vizibo na vitambaa. Mpango huo ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda miaka michache baadaye. Kilichonivutia mimi ni kwamba mama aliyekata zana kwa mkono wake hakuwa na sababu ya kuifungia. Ikichanika, atakata nyingine jioni.

Hapo ndipo Kariakoo inapoingia, maana sijui mahali pengine nchini penye malighafi ya bure kiasi hiki. Pita jioni kwenye vichochoro vya Mtaa wa Kongo na Uhuru, kwenye vibaraza vya mafundi cherehani. Chini ya kila meza kuna kiroba cha vipande: mabaki ya sare za shule, mahameli ya magauni ya harusi, sweta, kitambaa kizito cha makoti ambayo watu wa Mbeya na Njombe wanakuja kununua kwa jumla. Fundi anakitazama kiroba hicho kama taka. Nilisimama na mwalimu mmoja kwa fundi wa Mtaa wa Sikukuu:

"Fundi, habari za kazi? Tunaomba vipande vya rangi rangi, vya watoto."

"Nzuri, mwalimu. Beba kiroba kizima, mama, umenipunguzia mzigo wa kumlipa mzoa taka."

Flaneli yenyewe ya kuvika ubao ukiikosa, kata blanketi jembamba. Karatasi za felti zipo kwa baadhi ya wauza vifaa vya shule na mapambo, zina rangi za kuvutia, lakini zinauzwa moja moja na kwa bei ya kukufanya uanze kufikiria kufuli. Epuka satini na nailoni laini, havishiki. Na rafiki zangu wa vyumba vya joto, jihadharini na pangaboi: ubao ukisimama wima kama askari, kila kipande kitaruka chini feni ikizunguka. Ulaze mgongo kidogo, kama kiti cha uvivu.

Kuna onyo moja la kimtaa pia. Hapa ni Msimbazi, makao ya Wekundu wa Simba, na Jangwani kwa Yanga si mbali. Ukikata simba mwekundu utakuwa umeingia kwenye mjadala usiouweza na baba wa mtoto aliyekuja na soksi za kijani na njano. Simba na awe wa kahawia, kama Mungu alivyomuumba.

Sasa, mwalimu anafanya nini na ubao wake? Wengi wanaanzia na hadithi. Mimi ningeanzia na kibwagizo kifupi cha kuhesabu, kwa sababu ndipo mkono wa mtoto unapopata kazi mara moja. Hiki nimekitunga kwa ajili ya safu hii, atakaye akichukue:

Dagaa watano kwenye ungo,
Paka kachungulia mlango,
Mmoja kamtia mdomoni,
Je, dagaa wangapi ungoni?

Dagaa watano wa kitambaa cha kijivu wako kwenye ungo. Watoto wanaimba, mmoja anainuka, anamng'oa dagaa na kumpeleka kwa paka. Wanaobaki wanahesabiwa kwa sauti: wanne! Wanaanza upya: dagaa wanne kwenye ungo. Mpaka ungo umebaki mtupu na paka ameshiba, watoto watano wameinuka na kutoa hesabu tano bila kujua kwamba ilikuwa hesabu.

Lakini faida kubwa zaidi iko kwenye Kiswahili chenyewe. Waondoe dagaa, weka maembe, na umlete kima mahali pa paka. Mara mtoto anapaswa kusema matano, manne, matatu. Weka vijiko: vitano, vinne, vitatu, mpaka kimoja. Hajasikia hata siku moja kwamba kuna kitu kinaitwa ngeli, na ulimi wake umeshaipata. Akikua kidogo atagundua kwamba sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki hata umlete nani, ila nane inakubali: wanane, manane, vinane. Kariakoo ina watoto waliotoka kwenye nyumba za Kikinga, Kichaga, Kipare na Kigujarati, na wengi Kiswahili wamekiokota barazani. Sijaona njia nyepesi kuliko hii ya kukinyoosha.

Ndiyo maana inaniuma kusikia watoto wa Gerezani wakiimba kuhusu theluji na madaraja ya London. Kiingereza wajifunze, sina ugomvi nacho, na mzazi anayelipa ada ana haki ya kukitaka. Ila mtoto wa miaka minne anayeimba asichokielewa anafundishwa kwamba maneno ni kelele za kumfurahisha mgeni. Wenye vituo wananiambia wazazi ndio wanaotaka. Nawajibu kwamba wazazi hawajaonyeshwa kitu kingine.

Tuwaonyeshe, basi, hadithi ya kima na papa. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Unguja, aliichapisha London mwaka 1870 katika mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na Waswahili, na hata wakati huo ilikuwa imeshasafiri sana. Wahindi wanaye mamba mahali pa papa, na Waarabu katika Kalila na Dimna wanaye kobe. Yetu ni ya pwani. Mkuyu mkubwa umesimama ufukweni, nusu ya matawi yake iko juu ya bahari. Kima yuko juu anakula, papa yuko chini anaomba arushiwe. Wanakuwa marafiki. Siku moja papa anamwalika kima kwao, anambeba mgongoni, na katikati ya maji anamwambia ukweli: sultani wetu anaumwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anafikiri, kisha anajibu kwamba ungeniambia mapema ningekuja nao, sisi kima mioyo yetu tunaiacha mitini.

Kwa ubao wa flaneli hadithi hii inakaa vizuri kupita zote ninazozijua. Ubao unagawanywa kwa kitambaa cha bluu, chini bahari, juu mbingu. Mkuyu upo kushoto. Mwenye mkuyu wa Zakayo nyumbani asijisumbue kukata mwingine. Kabla ya kuanza, mwalimu anaubandika moyo mdogo mwekundu mgongoni mwa kima, mbele ya macho ya watoto wote, halafu anamgeuza. Papa pekee ndiye asiyejua. Kwa hiyo kima anaposema moyo wangu nimeuacha mtini, darasa zima linapasuka, maana kila mtoto anajua uko wapi. Ile raha ya kujua asichokijua mhusika, ambayo watunzi wa riwaya wanaihangaikia kurasa mia, mtoto wa chekechea anaipata kwa kipande cha kitambaa cha ukubwa wa kidole gumba.

Siku ya kwanza anasimulia mwalimu. Siku ya pili mwalimu anakaa chini, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Paukwa aite yeye, pakawa waitikie, kisha vipande vyote awape watoto. Papa ataenda mtini. Kima ataogelea. Mmoja atasema si hivyo, mwingine atasema ndivyo, na mabishano yao ndiyo somo, kwa kuwa kila mmoja analazimika kueleza nini kilitangulia na nini kikafuata na kwa sababu gani. Waliokulia kwenye redio wanamkumbuka Debora Mwenda na kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania. Tulikaa kimya tukameza kila neno, na ilikuwa tamu. Lakini hatukuweza kumkatiza Mama Debora.

Runinga nayo haikatiziki. Akili and Me, katuni inayotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam na Ubongo, naiheshimu. Akili ana miaka minne, anaongea Kiswahili, anauliza swali na kungoja kidogo. Tatizo ni kwamba mtoto akijibu kichekesho, Akili hacheki. Hadithi itaendelea vile vile, aliyejibu na aliyelala wote sawa. Kituo kikiwa na fedha za runinga na plaiwudi, kinunue vyote. Kikiwa na fedha za kimoja tu, wenye vituo wanajua nitasema nini.

Najua pingamizi litakalonijia, na ni la haki: idadi. Mwongozo wa serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na hakuna mwalimu wa shule ya umma ya mjini atakayeusoma mstari huu bila kuguna. Darasa lililojaa kupita idadi hiyo halitazami ubao wa ukubwa wa sinia. Hapo blanketi zima litundikwe ukutani, kima awe na ukubwa wa mto wa kulalia, na watoto wagawanywe, kundi moja ubaoni, mengine nje kwenye ukuti na mchanga, wabadilishane. Ni kazi, sikatai. Serikali ilizindua Dodoma, Desemba 2021, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na ndani yake ujifunzaji wa awali umetajwa kama nguzo mojawapo. Ningependa utekelezaji wake hapa Ilala uanze na jambo dogo lisilohitaji semina ya hotelini: mthibiti ubora akiingia darasani, asiulize zana ziko wapi. Aangalie zimechakaa kiasi gani. Kima mwenye mkia uliokatika na kushonwa tena apate alama zaidi ya kima mpya.

Kwa wanaotaka kuanza wiki hii: kima mmoja, papa mmoja, mkuyu, matunda kiasi, kitambaa cha bluu cha bahari, sultani wa papa mwenye taji, na punda wa dobi kwa watakaoendelea na kisa ambacho kima anamsimulia papa mwishoni. Wapo wanaoliruka tukio la simba kumuua punda, wakihofia watoto watalia. Niliowasimulia mimi hawajalia. Wanataka kujua nani alikula masikio. Macho yachorwe kwa kalamu ya wino, msishone vifungo, kwa sababu wa chini ya miaka mitatu watavimeza. Vipande vikae kwenye mfuko wa kitambaa, mvua za masika zikianza mvianike juani, la sivyo vitaota ukungu.

Moyo kateni minne au mitano. Mmoja utapotea kabla ya Ijumaa, na wa pili utakuja kuokotwa kwenye mfuko wa kaptula ya mtu.