Alama hafifu za kidato cha nne na njia ya kusomea biashara Singida

MATOKEO ya kidato cha nne yanapotangazwa Januari ya kila mwaka, wazazi wengi mkoani Singida hujiuliza mtoto mwenye alama hafifu anayetaka kusomea uhasibu au biashara aanzie wapi. Kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA, ipo mjini Singida, hivyo umbali si kikwazo kikubwa. Kikwazo ni cheti.

Wapo wanaodhani daraja la nne linatosha. Daraja hilo huanzia pointi 26 hadi 33, na mwanafunzi mwenye D mbili tu katika masomo saba hupata pointi 33, naye akahesabiwa kuwa amefaulu. Lakini astashahada ya awali hudai ufaulu wa masomo manne, yasiyo ya dini. Ndiyo maana vijana wawili wenye daraja lilelile, mmoja hupokelewa na mwenzake akakataliwa. Barua ya kueleza kwamba mwanafunzi aliugua au alifiwa wakati wa mtihani haisaidii, kwa kuwa kinachohesabiwa ni alama. Katika shule za biashara za Marekani, mwombaji mwenye alama ndogo za mtihani wa GMAT aweza kujieleza, kuonyesha uzoefu wake kazini, au kuurudia mtihani ndani ya mwaka huohuo.

Kwa mwenye D mbili au tatu, basi, njia ya kufika huko ni kurudia mtihani wa Novemba akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Si lazima arudie masomo yote. Ni busara achague machache anayoyamudu, kwani D huanzia alama 30. Hata hivyo, anayelenga shahada asiikimbie Hisabati, ingawa ni somo linaloangusha wengi nchini. Vipo vyuo vikuu vinavyoiangalia kwa waombaji wa fani za biashara.

Mwenye D nne yuko katika hali nyingine. Akirudia mwaka mmoja ili apate nafasi ya kidato cha tano, atasoma miwili ya sekondari ya juu na mitatu ya shahada, jumla sita. Akianza astashahada ya awali, mwaka mmoja, kisha miwili ya stashahada na mitatu ya shahada, jumla ni sita vilevile. Tofauti ni kwamba huyu wa pili, hata akikwama katikati, ana stashahada mkononi. Sharti ni asilegee: kuingia shahada kwa njia hiyo hudai wastani usiopungua 3.0.

Linalouma ni fedha. Serikali iliondoa ada kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Aliyefaulu vizuri husoma bila ada katika shule ya serikali. Aliyeteleza hulipa chuoni. Mikopo ya Bodi ilipofikishwa kwenye stashahada mwaka 2023, ilihusu fani teule tu, na astashahada ya awali ikabaki nje.

Kwa mkulima wa alizeti wa Iramba au Mkalama, mavuno huingia katikati ya mwaka, miezi michache kabla ya vyuo kufunguliwa. Bei ikianguka msimu huo, mwenye D nne naye husubiri mwaka mwingine nyumbani, sawa na mwenye D mbili.