Kipya Kinyemi, Lakini Dawa Haina Budi Kupimwa

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii hunijia kila nisikiapo mtu akidai kuwa dawa mpya, kwa vile ni mpya na ghali, sharti iishinde ile kongwe.

Chukueni mfano wa limfoma ya ngozi, saratani inayozuka pale chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T zinapoharibika na kuivamia ngozi. Baadhi ya dawa zake ni retinoidi, jamii moja na vitamini A. Kongwe ni asitretini, itumiwayo pia kutibu soriasisi, na isotretinoini, itumiwayo kutibu chunusi sugu. Changa ni beksaroteni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1999 kwa ajili ya saratani hii hasa.

Je, ipi bora? Katika jaribio lililochapishwa mwaka wa 2001, wagonjwa 56 ambao ugonjwa wao ulikuwa umekomaa walipewa beksaroteni, dozi ya miligramu 300 kwa kila mita mraba ya mwili. Kati yao, 25 walipata nafuu. Hiyo ni habari njema. Hata hivyo, jaribio hilo halikuwa na kundi lililopewa retinoidi kongwe ili matokeo yalinganishwe. Kuzishindanisha tarakimu zake na za jaribio jingine, la wagonjwa wengine, ni sawa na kuwapanga kwa alama wanafunzi wa shule mbili waliofanya mitihani tofauti.

Madhara nayo hutofautiana. Beksaroteni hupandisha mno mafuta katika damu na kupunguza homoni za tezi ya thairoidi, hivyo damu ya mgonjwa haina budi kupimwa mara kwa mara. Retinoidi hizi zote humdhuru mtoto aliye tumboni. Lakini baada ya kuacha beksaroteni au isotretinoini, mwanamke hushauriwa asishike mimba kwa muda usiopungua mwezi 1. Baada ya asitretini, miaka 3. Kwa bibi arusi, tofauti hiyo si ndogo.

Ndiposa nawasihi walimu wa sayansi wawazoeze wanafunzi kuuliza swali moja kila wasikiapo sifa za dawa: ni bora kuliko ipi, na zilipimwa pamoja lini? Asiyeuliza hivyo huununua upya, wala si uponyaji, na gharama huilipa mgonjwa.