Ngozi Haijui Bei ya Kopo

Kopo la mililita 60 la krimu iitwayo Crème de la Mer huuzwa Marekani kwa takriban dola 400, yaani karibu shilingi milioni moja za Tanzania. Ukiligeuza ukasoma viambato, ambavyo kwa kanuni hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi, unakuta mwanzoni kabisa dondoo la mwani, kisha mafuta ya madini, petrolatamu na gliserini. Petrolatamu ni yale mafuta ya mgando ambayo Robert Chesebrough aliyapatia hataza mwaka 1872 kwa jina la Vaseline, na ambayo watoto wetu wengi hupakwa kabla ya kwenda shule. Mafuta ya madini na gliserini vimo pia kwenye Nivea ya kopo la buluu, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Beiersdorf ya Hamburg mwaka 1911. Wasomaji wa zamani wa safu hii watasema leo nimerudi kwenye vita vyangu na matangazo. Nimerudi, kwa sababu wiki haipiti bila mtu kuwaambia dada zetu, na siku hizi kaka zetu pia, kwamba ngozi nzuri ni ya mwenye fedha. Si kweli, na ushahidi wa kuonyesha hivyo upo kwa wingi.

Tuanze na wenye mali wenyewe. Kampuni ya Estée Lauder ilinunua La Mer, yenye krimu hiyo, mwaka 1995. Mwaka 2021 kampuni hiyohiyo ilichukua hisa nyingi za Deciem ya Toronto, inayotengeneza The Ordinary, ambao seramu yao ya niasinamidi imekuwa ikiuzwa kwa dola chache tu. Mfuko wa mwenye duka ni mmoja, rafu ndizo mbili. Kwenye rafu ya kwanza unauziwa hadithi ya Max Huber, mwanafizikia wa masuala ya anga ambaye, kama kampuni inavyosimulia, aliungua maabarani akahangaika miaka 12 na majaribio 6,000 mpaka akapata mchuzi wa mwani wa kumponya. Kwenye rafu ya pili unauziwa kiambato kwa jina lake na asilimia yake, asilimia 10, imeandikwa mbele ya chupa. Kama bei kubwa ingekuwa gharama ya kutengeneza kitu kinachofanya kazi, rafu hii ya pili isingewezekana kuwepo.

Kesi iliyo wazi zaidi ni ya mwaka 2014. Tume ya Biashara ya Marekani iliishtaki L'Oréal kwa kudai, bila ushahidi wa kutosha, kwamba bidhaa zake zinaamsha jeni za ngozi na kurudisha ujana. Bidhaa zilizotajwa zilikuwa za familia mbili: Génifique ya Lancôme, iliyofika dola 132 kwa chupa, na Youth Code ya L'Oréal Paris, iliyoishia dola 25. Kampuni ilikubali kuacha madai hayo. Tazama namna biashara ilivyokwenda: mwenye nacho na asiye nacho waliahidiwa jeni zilezile, na ahadi zote mbili hazikuwa na msingi, lakini mmoja alilipa mara tano zaidi. Miaka michache kabla ya hapo, katika toleo la Januari 2007, jarida la Consumer Reports lilipima krimu za makunyanzi kwa wiki 12. Hata zilizofanya vizuri zaidi zilipunguza kina cha makunyanzi kwa chini ya asilimia 10. Olay Regenerist ya dola 57 ilikuwa miongoni mwa zilizoongoza, na La Prairie ya dola 335, ghali kuliko zote, ikawa miongoni mwa zilizobaki nyuma.

Watetezi wa krimu za kifahari hujibu kwamba bei inalipia utafiti. Ni hoja ya heshima, basi tuipime kwa hesabu za kampuni yenyewe. Mwaka 2023 L'Oréal, kampuni kubwa kuliko zote za vipodozi duniani, ilitumia asilimia 3.1 ya mauzo yake kwa utafiti na ubunifu. Kwa matangazo na promosheni ilitumia asilimia 32.4. Anayelipa shilingi laki moja ameweka takriban elfu tatu kwenye maabara na zaidi ya elfu thelathini kwenye mabango na nyuso za waigizaji. Sisemi maabara hizo hazina wanasayansi wa kweli. Wapo, na kazi yao ina thamani. Nasema mnunuzi anaambiwa analipia wanasayansi wakati sehemu kubwa ya fedha yake inalipia ushawishi wa kumfanya yeye mwenyewe anunue.

Na utafiti uliobadilisha ngozi za watu haukutoka kwenye vikopo vya dhahabu. Tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A, iliidhinishwa Marekani kwa chunusi mwaka 1971 baada ya kazi ya Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mwaka 1986 Kligman na wenzake wakachapisha kwamba inapunguza pia uharibifu wa jua, na mwaka 1995 ikaidhinishwa kwa makunyanzi madogo. Leo ipo kama dawa isiyo na jina la kibiashara, kwa bei ambayo duka la kifahari lisingeithubutu. Inahitaji ushauri wa daktari na haifai kwa mjamzito, lakini ushahidi wake hauna mfano katika krimu yoyote ya mwani. Kuhusu jua, watafiti katika mji wa Nambour, Queensland, waliwafuatilia watu wazima 903 kuanzia mwaka 1992. Waliotakiwa kupaka losheni ya kukinga jua kila siku walionyesha uzee wa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliopaka kwa hiari yao. Ilikuwa losheni ya kawaida, na kilicholeta tofauti ni kupaka kila siku. Hapa ndipo bei kubwa inapodhuru hasa, kwa sababu mwenye chupa ya laki mbili huipaka kwa ncha ya kidole ili idumu, na kinga ya jua iliyopakwa kwa ubahili si kinga.

Kuna pingamizi moja ninalolikubali. Vitamini C huharibika upesi ikikutana na hewa na mwanga, na kuituliza kulihitaji akili. Sheldon Pinnell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha mwaka 2005 kwamba asilimia 15 ya vitamini C, ikiwa na vitamini E na asidi ya feruliki, hutulia na kuikinga ngozi vizuri zaidi. Seramu ya SkinCeuticals iliyojengwa juu ya kazi hiyo ni ghali, na aliyeinunua wakati haina mshindani alinunua kitu halisi. Lakini leo wengine wanauza mchanganyiko wa aina hiyo kwa sehemu ndogo ya bei. Wapo pia wanaosema hununua kwa raha, kwa harufu na kwa uzito wa kioo mkononi. Raha ni haki ya mtu na sina ugomvi nayo. Ila tangazo halikuahidi raha, liliahidi kuondoa miaka usoni. Tena manukato, ambayo ni sehemu kubwa ya raha hiyo, ni miongoni mwa visababishi vya kawaida vya mzio wa ngozi.

Pingamizi lenye uzito zaidi kwetu ni kwamba rahisi ni hatari. Mkorogo umeharibu nyuso nyingi Afrika Mashariki, na krimu zenye zebaki zimeingia masokoni ingawa Mkataba wa Minamata unazipiga vita. Anayemwambia mama wa Kariakoo au Gikomba asiamini kila kopo ana haki. Ila kosa linaanza anapomwambia kwamba usalama unanunuliwa kwa bei. Zebaki haionekani kwenye lebo ya bei. Inaonekana kwenye kipimo cha maabara, na hiyo ni kazi ya mashirika ya viwango, TBS, KEBS na wenzao. Jina la bei kubwa nalo ndilo linalomvutia mghushi, kwa kuwa faida yake ipo kwenye jina. Mama huyo akiwa na mafuta ya mgando yenye alama ya ubora, sabuni isiyokwangua ngozi na losheni ya jua, hajakosa chochote cha msingi kilichomo kwenye kabati la tajiri.

Mfano bora wa haya yote upo Moshi. Katika hospitali ya KCMC, penye kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, hutengenezwa Kilisun, losheni ya kukinga jua iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino na kugawiwa bure. Kwao saratani ya ngozi ni tishio la maisha, na losheni hiyo inapimwa kwa kigezo kigumu kuliko vyote: nani bado yu hai. Haina hadithi ya mwani wala kopo la kioo.

Basi wauzaji wa makopo ya shilingi milioni moja waandike juu ya kopo asilimia ya kile kiambato wanachokitangaza, idadi ya watu waliojaribiwa, na jina la krimu rahisi waliyoilinganisha nayo. Wenye kitu cha kuonyesha hawatachelewa.