Kofia ya Mtoto Isisubiri Kidonda

Mionzi ya urujuanimno ya jua haiishii kuunguza ngozi juu juu. Hupenya ndani ya seli na kuidhuru DNA yenyewe. Pale ambapo besi mbili za sitosini au thaimini zimepakana, mionzi huzigandamanisha. Seli ina vimeng'enya vya kukata sehemu hiyo na kuijenga upya, na mara nyingi hufaulu. Vinapozidiwa, seli hugawanyika pamoja na kosa lake: palipokuwa na sitosini huandikwa thaimini. Alama hiyo ndiyo iliyobainishwa mwaka 1991 katika jeni ya p53 ya saratani za ngozi, jeni ambayo kazi yake ni kuizuia seli iliyoharibika isizidi kuzaana.

Melanini hukifunika kiini cha seli kama mwavuli. Mtoto mwenye ualbino anayezaliwa Mwanza, karibu na ikweta, ana melanini haba au hana kabisa. Makosa huanza kulimbikizana angali mgongoni mwa mama yake shambani, miaka mingi kabla ya kidonda.

Kwa hiyo ni vigumu kuutetea utaratibu unaomngoja mpaka kidonda kimpeleke kwa daktari wa ngozi. Mafuta ya kukinga jua yametengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, uwezo upo. Mahali pake ni kliniki ya mama na mtoto, sambamba na chanjo, ambako muuguzi atamwelekeza mama pia kuhusu kofia pana na mikono mirefu (mafuta peke yake hayatoshi, hata yawe ghali namna gani). Shuleni nako, mwalimu asimvue mtoto kofia hiyo kwenye paredi.