Kasi ya Mchakamchaka Ipimwe kwa Mapigo ya Moyo

Ni desturi ya kambi kwamba kuruta wa miaka 20 na sajini wa miaka 40 hukimbia mchakamchaka bega kwa bega, na anayebaki nyuma huhesabiwa kuwa mvivu. Yafaa desturi hiyo itazamwe upya. Miguu yaweza kupiga hatua moja, lakini mioyo haina umri mmoja.

Mwaka 1957 mtaalamu wa Ufini, Martti Karvonen, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi wao juu ya mazoezi na mapigo ya moyo. Kanuni iitwayo kwa jina lake ni nyepesi. Toa umri wako katika 220, upate makadirio ya upeo wa mapigo kwa dakika. Alfajiri, kabla ya kuondoka kitandani, hesabu mapigo ya mapumziko kwa vidole viwili, si kidole gumba, juu ya kifundo cha mkono. Yatoe katika upeo. Kinachobaki ndiyo akiba yako. Chukua asilimia 60 hadi 80 ya akiba hiyo, kisha urudishie mapigo ya mapumziko.

Sajini wetu, ikiwa mapumziko yake ni 70, ana upeo wa 180 na akiba ya 110. Mazoezi yamtakia mapigo 136 hadi 158. Kuruta mwenye mapumziko ya 60 atatakiwa kufikia 144 hadi 172. Basi mapigo 170 kwa kuruta ni kazi nzito iliyo ndani ya mpaka wake. Kwa sajini ni kuukaribia ukomo.

Wako watakaosema kwamba adui hamngoji mtu ahesabu mapigo, wala jambazi hasimami. Ni kweli. Lakini uwanja wa mazoezi ndipo moyo unapojengwa, ili siku ya kazi uwe na nguvu ya kutumia.

Kwa hiyo mwalimu na asimamishe kikosi baada ya dakika 10, kila askari ahesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, kisha makundi yapangwe kwa mapigo, si kwa vyeo. Hesabu hii ni makadirio, nayo yaweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi. Mwenye homa asikimbie. Atumiaye dawa za presha amwone daktari kwanza. Na aumwaye kifua asimame papo hapo, wala asionewe haya.

Kiongozi huhesabu bunduki zake kila jioni. Mioyo ya askari wake nayo yastahili kuhesabiwa.