Wakifuta Ulichoandika Kuhusu Amu, Usikimbie

Tuambiane ukweli. Ukiingia Wikipedia ya Kiswahili, ukabonyeza "Hariri", ukaongeza sentensi mbili tatu kuhusu mtaa wenu, kuna siku mtu usiyemjua atazifuta. Huenda hata hujamaliza kuwatumia mabeshte kiungo wakaone kazi yako.

Wengi wetu tunaishia hapo. Unapiga picha ya skrini, unaweka status, "ati hawa wanaijua Lamu kuliko sisi", watu wanacheka, akaunti inalala. Mimi naona kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Kwanza jua kilichotokea. Kufutwa si kutukanwa. Kila makala ina historia yake, inayoonyesha nani alibadilisha nini na saa ngapi, na maneno yako bado yamo mle, hayajapotea. Mara nyingi aliyefuta ameacha maelezo mafupi. Yasome! Halafu juu ya makala kuna ukurasa unaoitwa "Majadiliano". Ule ndio Mkunguni ya makala. Watu wanabishana pale, wanatoana jasho, na makala yenyewe inabaki safi. Tofauti ni kwamba pale Mkunguni watu wanamjua babako, kwa hiyo unachunga ulimi. Kule hakuna anayekujua, na hilo linawapanda watu kichwani haraka sana.

Chukua Vita vya Shela. Kila mtoto wa Amu amesimuliwa: Wapate na Wamazrui wa Mombasa wakaja na majahazi, maji yakapwa, vyombo vikakwama mchangani, wakapigwa. Sasa niambie, ilikuwa mwaka gani? Kuna vitabu vinavyosema 1812, vingine 1813. Tuseme wewe umeandika 1812. Mwenzako anabadilisha, unarudisha, anabadilisha tena. Saa sita ya usiku mko macho, mnapigania tarakimu moja. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, ukirudisha zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 unaweza kufungiwa, hata kama wewe ndiye uliye sawa. Kwani shida iko wapi kuandika "mnamo 1812 au 1813", kila mwaka na kitabu chake pembeni? Haina utamu, najua. Hakuna aliyeshinda. Lakini msomaji amepata anachohitaji, nanyi mmelala.

Tarakimu ni rahisi. Kazi ngumu ni kama ile habari ya Wachina wa Pate. Kuna familia upande wa Siyu zinazosema asili yao ni mabaharia wa Kichina, chombo kilizama karibu na Shanga enzi za Zheng He, walionusurika wakaoa hapa. Mwaka 2005 msichana kutoka kwetu alipata nafasi ya kwenda kusoma China kwa sababu ya historia hiyo. Watafiti wengine hawaikubali, wanasema ushahidi hautoshi. Basi mmoja anaandika "Wachina walizama hapa" kama vile alikuwepo, mwingine anafuta kila kitu na kuita uongo. Mimi sikubaliani na wote wawili. Andika ni nani anayesema: "Kwa mapokeo ya baadhi ya familia za Siyu..." halafu sentensi inayofuata iseme watafiti wanatilia shaka nini. Na tafadhali, ile sarafu ya mfalme Yongle iliyopatikana Manda, iliyotangazwa 2013, usiilete kama nyundo ya kumaliza ubishi. Sarafu inatembea na biashara. Haikuambii babu wa mtu ni nani.

Majina nayo ni vita vyake. Amu au Lamu, Shela au Shella, Faza au Rasini. Hapo wala msipoteze bando: makala moja, majina yote yatajwe mwanzoni, na kurasa za majina mengine zimwelekeze msomaji pale pale.

Kuna jambo linaloniuma, na sitajifanya haliniumi. Wikipedia inataka chanzo kilichochapishwa. Bibi yako anajua nyumba ile ilijengwa na nani, anajua na ugomvi wa urithi uliofuata, lakini bibi si chanzo. Ukisema "nimezaliwa hapa" haihesabiki. Na mengi yaliyochapishwa kuhusu visiwa vyetu yameandikwa na wageni, kwa hiyo mgeni anakushinda kwa kitabu juu ya habari za nyumbani kwenu. Si haki sana, na kuniambia "ndiyo kanuni" hakunitoshi.

Ila angalia Habari za Pate. Zilikuwa maneno ya wazee. Bwana Kitini alimsimulia Stigand, zikachapishwa kwenye kitabu chake cha 1913, na tangu siku hiyo kila mtafiti lazima ashughulike na maneno ya Bwana Kitini. Lazima, hata anayeyapinga! Mwaka 1969 Neville Chittick alizitilia shaka zile tarehe za mwanzo, na ubishi wa umri wa Pate ukaendelea baada yake. Mzee wetu yumo ndani ya ubishi mpaka leo kwa sababu kuna mtu alikaa akaandika na kuchapisha. Wewe una simu yenye kinasa sauti. Shule ina jarida, kuna magazeti, kuna watafiti wanaopita kila mwaka wakitafuta mtu wa kuwasaidia. Anzia huko.

Jambo jingine: usiite binamu ishirini kutoka kundi la WhatsApp waje kukuunga mkono. Kule hatuhesabu vichwa, tunapima hoja, na watu ishirini wanaosema "naunga mkono" bila sababu wanakuharibia tu. Lakini pia maafikiano ya watu watatu kwenye ukurasa mtupu mimi siyaiti maafikiano kamili. Sisi watu wa Lamu tunalijua hili. Juni 2019 Mahakama ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Karatasi zilikuwepo, idhini ilikuwepo, waliokosekana ni wenyewe. Ukurasa wa majadiliano ukiwa mtupu, wanaobaki watakubaliana wao kwa wao, na wala hawajakosea. Ni wewe hukuwepo.

Kwa hiyo ukifutiwa, usirudishe papo hapo. Kunywa kahawa. Halafu andika kwenye Majadiliano kitu kama hiki: "Salaam ndugu. Nimeona umeondoa sentensi yangu kuhusu msikiti. Tatizo ni chanzo au ni lugha? Nina kitabu hiki, ukurasa huu. Unaonaje tukiandika hivi?" Weka sentensi mpya hapo, weka saini, toka.

Kisha mpe siku kadhaa. Naye pengine ana mtihani, au stima zimepotea kwao.